Bega la Kulia na Chuma Kisichotajwa

Kama bega lako limewahi kukutoka ukiwa umeshika mwiko, au jembe, au mtoto, sogea hapa tuongee. Mimi siyo daktari. Mimi ni mama lishe wa Kewanja, napikia wachimbaji wa dhahabu, na tangu mvua za masika mpaka masika yaliyofuata bega langu la kulia lilikuwa linatoka na kurudi kama kuku jikoni. Sasa limetulia, ndiyo maana naweza kusimulia bila hasira. Haya basi, kwa hasira kidogo.

Lilianza kwa pikipiki. Nilikuwa nimetoka kununua unga, njia imejaa tope, dereva akakata kona, tukaenda chini wote watatu: yeye, mimi na gunia. Ningeliachia lile gunia ningeanguka vizuri. Lakini mimi na unga wangu! Nililikumbatia kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukabaki nyuma, nikasikia kitu kinatoka mahali pake. Bega lililokuwa la mviringo likawa na kona. Nililia mpaka yule dereva naye akaanza kulia.

Walinipeleka kwetu Itiryo, kwa mzee anayerudisha mifupa. Namwombea mema, ana mkono mwepesi. Alinilaza chini, akaegesha kisigino chake kwapani kwangu, akavuta taratibu huku ananiuliza habari za watoto, na kabla sijamaliza kumjibu limeshaingia. Akanipaka samli. "Nenda mama, umepona." Nikaamini. Mume wangu akaamini, na kila aliyekuja kunipa pole akaamini. Kwetu kilichorudi mahali pake kimepona. Hilo ndilo kosa letu, naliweka hapa mapema ili wewe usilirudie.

Mara ya pili lilitoka wakati wa kuvuna ulezi. Nilikuwa nasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, mzito kama udongo wa matofali, sufuria ya watu wengi. Nikageuza mwiko, mkono ukaisha nguvu. Mteja wangu mmoja, Masanja, kijana wa kutoka Geita, akacheka: "Mama Ghati, leo ugali umekupiga mweleka?" Halafu akaona mkono unavyoning'inia, akaruka meza kuja kunishika.

Mara ya tatu nilikuwa naanua kanga kwenye kamba. Baada ya hapo sikuhesabu tena, maana lilianza kutoka nikiwa nimelala, nikijigeuza tu. Nilijifunza kulala nimeketi, mgongo ukutani, mkono nimeufunga kifuani kwa kanga. Nyama za upande ule zikanywea, blauzi ikawa inaporomoka upande mmoja kama ya mtoto aliyevaa nguo ya dada yake. Sikuweza kuchana nywele wala kufunga sidiria. Aliyenifunga ni mume wangu, Mwita. Mtu wa ng'ombe, vidole vinene, anapapasa zile kulabu mgongoni huku anaguna. "Aliyetengeneza kitu hiki hakuwa na mke," anasema, tunacheka. Mama yake, tunayeishi naye, hakucheka. Alikaa mlangoni kwake akasema, "Nimeishi mpaka nimeona mume anamvalisha mke." Kule kibandani, binti niliyemwajiri alikuwa anaunguza ugali, wateja wakaanza kuhamia kwa jirani. Iliniuma, jamani. Nilikuwa najiona napungua.

Nikaenda hospitali Tarime. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka makalio yakafa ganzi. Daktari wa mifupa aliniambia niinue mkono pembeni, akaanza kuusukuma nyuma polepole. Nikamkamata shati. "Usiendelee!" Akaacha palepale.

"Hiyo hofu yako ni jibu tosha," akasema. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa uko mahali pake. "Mfupa nauona. Kinachoushikilia hakionekani hapa. Kama kimelegea tu, tutafanya mazoezi. Kama kimechanika, nataka kujua kimechanika wapi. Nikikufungua bila kujua nitakuwa nabahatisha. Nenda Mwanza ukapigwe MRI."

"Na nisipoenda?"

"Kila likitoka linajimega kidogo. Mwisho utabaki na mkono wa kusalimia watu tu."

Nikatoka nimeamua. Mkono ule ndio uliosomesha watoto wangu. Nikamwambia Mwita, aliyekuwa ananisubiri uwanjani pa hospitali, kwamba nitakipata hicho kipimo, hata kama itabidi niende Mwanza kwa miguu.

Tulienda kwa basi, kiangazi kimeshakausha nyasi zote. Chumba cha kusubiria kilikuwa na baridi ya mashine. Mzee mmoja mwenye mgongo mbovu alikuwa amelala juu ya viti viwili, na mwanamke aliyekuwa naye akavua kanga yake akanifunika mimi, si yule mzee, kwa sababu aliona natetemeka. Sijui hata jina lake. Mwita alipakata begi langu mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni.

Akaja binti wa kipimo, mwembamba, sauti ya upole. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Una pete, hereni, pini za nywele? Umewahi kufanyiwa upasuaji ukawekewa chuma? Una kipande chochote cha chuma mwilini, risasi, bati, msumari?"

Mwita alikuwa pembeni yangu, bega kwa bega. "Sina," nikasema.

Nilikuwa nacho.

Sasa inabidi nikueleze jambo nililokatazwa kulieleza. Nilipokuwa darasa la pili, ukoo wetu na ukoo wa jirani walipigana kwa ajili ya ng'ombe walioibwa. Nilikuwa nakimbiza ndama wetu kurudi zizini. Mshale ulinipata nyuma ya paja. Bibi yangu aliuvuta ukatoka mti wake, ncha ikabaki ndani, nyama ikajifunga juu yake. Baadaye wazee wa pande zote mbili wakakaa kupatana. Kumwaga damu ya mtoto wa kike ni jambo zito, lisingeisha kwa maneno. Watu wangerudi kuchukua pinde zao. Basi babu yangu, ili watu waache kufa, akasimama akasema mshale ule ulimpiga ndama. Wakala kiapo: jambo hili limezikwa, na atakayelifukua litarudi kwa watoto wake. Wenzetu wakaleta ndama wa fidia. Nilimchunga mwenyewe. Fidia yangu ilikuwa na baka jeupe usoni na ukaidi kunishinda mimi.

Mwita ni wa ukoo ule wa pili. Tulioana baada ya amani kukomaa, na kovu langu yeye analijua kama la kijiti cha uzio. Na binti yetu Ghati alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ndiyo sababu nilisema sina.

Binti wa kipimo akanipa gauni, nikavua kila kitu, nikamfuata mpaka mlango mzito. Pale akasimama. "Mama, naomba nikuulize tena, maana watu husahau. Mashine hii ni sumaku kubwa, haizimwi hata usiku. Kama kuna chuma ndani yako inaweza kukivuta, kikasogea, kikakata mshipa. Ikitokea hivyo mimi sina la kukusaidia."

Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga kizingiti. Nikaurudisha. "Mwanangu," nikasema, "ninacho."

Hakunigombeza. Alinishika mkono mzima akanipeleka kwenye eksirei, wakapiga picha ya paja. Kilikuwa pale, cheupe, kimechongoka, kimekaa kwa amani miaka yote hiyo. Daktari wa picha akatikisa kichwa. "Kiko karibu sana na mshipa mkubwa. Kwenye sumaku huingii mpaka kitolewe." Nikauliza kama hakuna kipimo kingine. Akasema kingine kipo, lakini hakiwezi kuonyesha vizuri kile daktari wangu anachokitafuta. Kukitoa chuma kulihitaji kulazwa, kukatwa na kushonwa, na mtu hawezi kushonwa paja mume asijue.

Nikarudi koridoni. Mwita akasimama. "Tayari?"

"Umeme umekatika," nikasema.

Taa zote za koridoni zilikuwa zinawaka juu ya kichwa changu. Aliziangalia, akaniangalia mimi, akachukua begi.

Tulirudi nyumbani, mvua za vuli zikaanza, nikajaribu kuishi bila kipimo. Nilijiambia nitasonga kwa kushoto. Mwita alikuwa ameshajifunza kulirudisha bega kama yule mzee wa Itiryo, basi nikajidanganya kwamba hivyo inatosha. Siku moja nikawa naepua sufuria ya maharage nyumbani, mama mkwe ameketi karibu na moto anaota, bega likatoka. Sufuria ikaenda. Maharage ya moto yalimwagika mpaka ukingoni mwa miguu yake, yakaishia hapo. Alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Yangemfikia yangemvua ngozi, na ningekuwa mimi niliyemfanya hivyo.

Mwita akaja mbio, akarudisha bega. Nilikaa sakafuni kati ya maharage. Nikaona basi, imetosha.

"Baba Ghati, siku ile umeme haukukatika."

"Najua. Mwanza nzima ilikuwa inawaka."

"Nina ncha ya mshale pajani. Ile siku ya vita hakupigwa ndama. Nilipigwa mimi."

Mama mkwe akaziba masikio. "Nyamaza! Unataka kummaliza Ghati na kilichomo tumboni mwake?" Mwita aliinuka sakafuni. Alitoka kwenda kwa ng'ombe akakaa huko, na mimi nikaogopa. Niliogopa kuliko siku ya mshale, kwa sababu siku ile nilikuwa na nyumbani pa kukimbilia.

Alipokuja alisema lazima wazee waambiwe kwanza, waketi, waondoe kiapo. Nikakubali. Wazee wakasema tusubiri watu wapande. Wakapanda. Wakasema kuna msiba, tusubiri watu wazike. Wakazika. Waliposema tusubiri palizi, nikafunga begi.

"Unakwenda wapi?" Mwita akauliza.

"Mwanza. Wazee wakimaliza kupalilia watanikuta nimeshashonwa."

"Na kiapo?"

"Kiapo chenu kilimzika ndama. Mimi sijamfukua ndama yeyote."

Nilimpigia Ghati simu nikamweleza yote, nikamwambia akiniambia nisiende siendi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema, "mimi nina mimba, sina ugomvi wa ng'ombe. Katibiwe." Nililia kwenye simu mpaka salio likakata.

Dada yangu ndiye aliyenisindikiza kukitoa kile chuma. Walinichoma sindano ya ganzi kiunoni, nikawa nasikia wanazungumza mpira huku wananikata. Kilipotoka daktari akauliza kama nataka kukiona. Nikasema kitupeni. Nimekaa nacho vya kutosha, hatuna la kuagana.

Kidonda kilipokauka nikapangiwa tena ile MRI. Asubuhi ya safari nikamkuta Mwita amevaa koti lake la ibada, amesimama kwenye pikipiki. Tangu siku niliyofunga begi alikuwa ananisalimia tu. Sikumuuliza kitu. Tulisafiri mpaka Mwanza bila mazungumzo, isipokuwa Bunda, aliponinunulia ndizi akazimenya mwenyewe, kwa sababu alijua siwezi.

Binti wa kipimo alikuwa yule yule. Akanitambua, akatabasamu, akaanza maswali yake. Chuma mwilini?

"Sina. Nilikuwa nacho, kimetolewa."

"Kilikuwa cha nini, mama?"

Nikawaangalia waliokuwa wanasubiri. Kumwambia binti mmoja mlangoni ni jambo moja. Pale chumba kilikuwa kimejaa watu. Mwita akakohoa.

"Cha mshale," akasema. "Tulimpiga sisi."

"Ninyi nani, baba?"

"Watu wa kwetu. Alikuwa mtoto." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja kijiji anachotoka. Yule binti aliacha kuandika. Mimi niliangalia sakafu, na machozi yalitoka yenyewe, sikuyafuta, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa na wa kushoto alikuwa ameushika yeye.

Kuhusu kipimo chenyewe, usiogope. Hakiumi. Unalala chali, bega wanaliwekea kitu kigumu kama kinga ya bega ya mchezaji, unasukumwa ndani ya bomba, unapewa mpira mdogo wa kubonyeza ukizidiwa. Halafu zinaanza kelele. Watu wa Kewanja nawaambia ni kama kulala ndani ya karasha linaposaga mawe ya dhahabu. Kazi yako ni moja, usitikisike. Nilifumba macho nikasonga ugali kichwani, sufuria baada ya sufuria, bila kumwaga, mpaka wakanitoa.

Majibu yalisema kumechanika mbele, ule ukingo laini unaozuia mfupa usitoke, na mfupa wenyewe una bonde kwa kugongwa mara kwa mara. "Sasa najua ninapokwenda," akasema daktari wa mifupa. Alinipasua masika yalipoanza. Niliamka na kiu na mkono mzito kama si wangu, umefungwa tumboni, na muuguzi akaniambia nisiuguse hata nikisikia unawasha. Uliwasha kweli.

Wazee waliketi hatimaye, mimi sikuitwa. Mwita alikwenda, akarudi ananuka pombe ya mtama, akasema yameisha. Mengine hakuniambia, nami sikumlazimisha. Ghati alijifungua salama, mtoto wa kike, kilio chake kinafika barabarani.

Walionipa shida kuliko kisu ni watu wa mazoezi ya viungo. Unasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kama konokono, ukifika panapouma unaweka alama ya mkaa, kesho unatakiwa uvuke. Kuna siku alama ya jana ilinishinda, nikaupiga ukuta kwa mkono mzima nikaenda kulala. Kesho yake nikarudi. Wewe pia utarudi. Usikimbilie mwiko kabla hujaruhusiwa, hata wateja wakikuimbia. Na ukiulizwa una nini mwilini, sema, yeyote awaye pembeni yako. Mashine haijui kiapo.

Wakati huo wote aliyeniogesha ni mama mkwe. Ndiyo, yule yule. Hakuomba msamaha wala hakueleza. Siku niliyotoka hospitali alichukua ndoo akasema, "Twende," tukaenda bafuni nyuma ya nyumba. Alinisugua mgongo kwa nguvu kama anasugua kibuyu. Nilikuwa naona aibu mwanzoni, mtu mzima kuogeshwa na mama wa mume wake. Baadaye nikazoea, tukawa tunasengenya majirani.

Kamba ya shingoni iliyoning'iniza mkono ilipotolewa bado sikuweza kufikia mgongo, akaendelea. Siku moja akanisugua mpaka chini, akafika kwenye paja. Makovu yalikuwa mawili pale, la kisu juu ya lile la zamani. Akasimama kusugua. Maji yakawa yanadondoka tu kutoka kwenye dodoki.

"Ulikuwa na kimo gani?" akauliza.

Ningeweza kumwonyesha kwa kushoto, lakini mtu mzima hamwonyeshi mkwewe jambo kama hilo kwa mkono wa kushoto. Nikaanza kuupandisha wa kulia. Ukutani alama yangu ilikuwa bado usawa wa kitovu. Ulipita pale, ukauma, nikauma meno, ukaendelea mpaka usawa wa kifua changu. Na kwetu ng'ombe unamwonyesha kimo chake kwa kiganja kilicholala, kama umemwekea mkono mgongoni. Mtoto wa mtu unamwonyesha kwa vidole vilivyosimama, ili asizuiwe kukua. Nikaugeuza mkono, vidole vikasimama.

"Hapa, mama."

Mama mkwe aliutazama ule mkono mpaka ukaanza kutetemeka. Akainua wa kwake, vidole juu, akauweka karibu na wangu, usawa ule ule.

"Mtoto," akasema. "Mtoto wa mtu."

Nikaushusha polepole. Bega lilibaki mahali pake.